Mdogo wangu kaacha dawa, nifanyeje?

Habari zenu. Niko Majengo, Moshi. Mdogo wangu ana miaka 24, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Dawa zilimtuliza, akarudi kuuza ndizi Mbuyuni. Mwezi uliopita akaziacha, anasema kapona na zinamnenepesha. Sasa halali, usiku kucha anabishana na sauti. Majirani wanasema karogwa. Mama kauza mbuzi wawili kumlipa mganga. Inaniuma sana.

Jibu: Pole dada. Kuacha dawa ndiko hurudisha ugonjwa. Mrudishe kliniki, na hilo la kunenepa mwambieni daktari, dawa zinabadilishwa. Ulizieni pia sindano ya mara moja kwa mwezi. Kaka yangu anachomwa hiyo, ni fundi seremala hapa Sakina, ana mke na watoto.

Jibu: Msimbishie kuhusu sauti, kwake ni za kweli. Muulize kwa upole zinamwambia nini. Zikimwamuru ajidhuru, msingoje kukuche, hospitali usiku huohuo! Na asiachwe peke yake.

Muuliza: Asanteni mno. Ya sindano sikuijua. Kesho tunaenda, na mama kakubali tufuatane.