Ushongo Idd kubwa na mama: nibuku chumba kabla au tutapata hukohuko?

Binti wa Segerea

Asalaam aleikum ndugu zangu, na shikamoo wakubwa.

Idd kubwa ya mwaka huu, inayotarajiwa mwishoni mwa Mei, nataka nimpeleke mama Ushongo, kule Pangani ng'ambo ya mto. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tangu baba afariki hajatoka Dar isipokuwa kwa misiba. Ni mzaliwa wa Dodoma, bahari anayoijua ni ya Coco Beach. Ameniambia anatamani kulala mahali atakaposikia mawimbi usiku. Tutakuwa wanne: yeye, mimi na wanangu wawili, na tutakwenda kwa basi.

Kaka yangu anasisitiza nisilipe chochote kabla. Anasema ukifika mwenyewe unakiona chumba, mnapatana bei, kisipokupendeza unahamia kwa jirani. Na mimi nina kidonda. Mwaka jana nilimtumia mtu pesa yote ya siku mbili kwa nyumba ya pwani (siyo Pangani), tukafika saa moja usiku tukakuta chumba kimepewa wengine. Watoto walilala kwenye gari tulilokodi. Pesa ilirudi baada ya wiki tatu.

Mliowahi kwenda, mnanishauri nini?

Kijana wa Mwenge

Dada, nimekwenda Pangani mara mbili na sijawahi kubuku. Mjini gesti zipo, unashuka na begi lako unamuuliza bodaboda. Ila nilikuwa peke yangu, na ilikuwa Septemba. Ushongo kwenyewe nilishinda tu, sikulala.

Mwana wa Bweni

Marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa Bweni, hapohapo unaposhuka ukishavuka mto, ingawa sasa naishi Mbagala.

Piga simu kabla, lakini siyo kwa kuogopa kwamba vyumba vitajaa. Mwisho wa Mei ninachoogopa ni mlango uliofungwa. Loji nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei kwa ajili ya masika. Watu wanabadilisha makuti, wafanyakazi wanarudi makwao, na wengine hawafungui mpaka Juni. Anachosema kaka yako kinafaa mjini. Ushongo nyumba zimeachana, na huwezi kumwambia mama mwenye magoti mabovu akokote miguu kwenye mchanga laini kutafuta geti lililo wazi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Dar hawaliulizi kabisa, nalo ni maji. Idd ndogo huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo siku zake ni za bamvu, yaani maji hujaa sana na kutoka mbali sana. Idd kubwa ni mwezi kumi, yaani siku ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu, siku ambazo hayajai wala kutoka sana. Tofauti yake ni kubwa. Siku za bamvu bahari hutoka mbali sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya Ushongo. Wazee wetu walikikuta kina mivinje. Leo hata mti mmoja hakuna, na bamvu likijaa kisiwa chenyewe kinazama. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Naumia kila nikikiona, lakini nendeni mkakione.

Idd kubwa yenyewe mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yanapanda, adhuhuri yamejaa. Kwa Maziwe siyo saa nzuri. Kwa mama yako ni neema, kwa sababu bahari haitoki mbali, hatembei kuifuata. Ukitaka vyote viwili, kaeni mpaka mwezi kumi na nne. Kwa hiyo amua kwanza tarehe, ndipo utafute chumba.

Ukipiga, ongea na mtu aliyeko palepale, mwenye funguo. Muulize kama tarehe hizo watakuwa wazi, choo kiko ndani, ngazi ziko ngapi mpaka chumbani, na baada ya mvua barabara ya kutoka Bweni inapitika kwa gari au kwa pikipiki tu. Usimpandishe mama bodaboda kwenye tope. Tanguliza pesa ya usiku mmoja, siyo zaidi, na aliyepokea akuandikie ujumbe wenye tarehe na chumba gani. Siku mbili kabla ya safari piga tena. Inayobaki utalipa mkishaweka mabegi chini.

Mama Kigamboni

Naongezea hili: usiku wa kwanza laleni Pangani mjini. Sisi tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, tukachelewa njiani, na ukifika Tanga bado kuna kilomita 50 hivi. Tulifika mtoni magharibi, mdogo analia, mimi mwenyewe karibu nilie. Tukalala mjini, tukavuka asubuhi kwa pantoni. Na mama atauona mji. Pale ndipo Abushiri bin Salim alipoanzisha vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapohapo Pangani wakamnyonga Desemba 1889. Mtu wa umri wake atapenda kukaa barazani asimuliwe hayo na wenyeji.

Binti wa Segerea

Shikamoo mzee wangu, na ahsante dada. Nimepiga sehemu mbili leo. Ya kwanza imefungwa mpaka katikati ya Juni, kama ulivyosema. Ya pili wako wazi. Aliyepokea alinipa majibu yote bila haraka: ngazi ni tatu, choo ndani, na siku hiyo ataangalia barabara ndipo aseme tuje na usafiri gani. Nimetuma ya usiku mmoja na ujumbe wake ninao. Usiku wa kwanza tunalala mjini.

Kukaa mpaka mwezi kumi na nne hatuwezi, watoto wana shule. Maziwe itasubiri. Mama nimemweleza habari ya maji kujaa adhuhuri, akauliza usiku je?

Mwana wa Bweni

Marahaba. Yanajaa tena kuelekea saa sita usiku, na Mei upepo wa kusi umeshashika, kwa hiyo mawimbi atayasikia. Muombeeni chumba cha mbele. Na abebe sweta.