Ruzuku ya vifaa vya sayansi, shule tatu: pesa zikae wapi, vifaa vizunguke vipi?

MwalimuMtongwe
Walimu wenzangu, salamu. Tuko shule tatu za sekondari msingi hapa Mombasa, mbili Likoni na moja ng'ambo ya feri, Mvita. Tunaomba ruzuku ya shilingi 150,000 ya vifaa vya saketi za umeme, somo la Sayansi Jumuishi. Kila darasa lina wanafunzi kama 45. Wenzangu wanataka tununue seti moja izunguke. Mimi nahofia itafia njiani. Tena nani ashike pesa? Na pale fomu inapouliza "ushirikiano wa walimu" tujaze nini? Kuandika tu "tutakutana kubadilishana mawazo" naona hakuna uzito.

DaftariLaMali
Pesa ziingie akaunti ya shule moja tu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Bodi ya shule hiyo ikae, muhtasari utaje kiasi, akaunti na vifaa vitakavyokwenda shule nyingine. Hilo la mwisho ndilo husahaulika: kifaa kikishaandikwa kwenye daftari la mali la shule ya kwanza, mkaguzi atakitaka pale pale, hata kama kiko ng'ambo kinatumika vizuri. Basi andikeni hati ya makabidhiano, na kila shule iingize vyake kwenye daftari lake.

Bei zichukuliwe kwa wauzaji watatu, maelezo yawe yale yale neno kwa neno. Ukiandika "betri" tu, mmoja atapiga bei ya ndogo na mwingine ya kubwa. Risiti iwe ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. M-Pesa ya mwalimu, hata ya siku moja, hapana.

FundiSaketi
Vya rahisi kila shule iwe na vyake. Vya ghali, kama mita za kupimia volti, ndivyo vizunguke, wiki mbili mbili. Mwenda kwa miguu halipi feri, kwa hiyo sanduku moja la kubebeka mkononi halina gharama pale kivukoni; wekeni nauli ya matatu tu.

Hesabu: vikundi vya watano ni 9, kila kikundi trei yake ya vifaa, ongeza trei 1 ya akiba, jumla 10 kila shule. Kila trei: betri kubwa 2 za volti 1.5 na holda yake, balbu 2 za volti 2.5, LED (kitaa kidogo) nyekundu 1, rezista 1 ya ohm 100 ya kupunguza mkondo, swichi 1, nyaya 6 zenye vibanio. Kwa shule zote tatu ni betri 60, balbu 60, nyaya 180. Balbu ongezeni 15, ndizo zinazoungua kwanza.

LED ndiyo huwaaibisha walimu. Kwa betri moja haiwaki, kwa sababu nyekundu hutaka karibu volti 2. Kwa betri mbili bila rezista inaweza kuungua. Na ikigeuzwa upande haiwaki kabisa: mguu mrefu ndio wa chanya.

Adui mkubwa huku kwetu ni hewa ya chumvi. Springi za holda hushika kutu, shaba hugeuka kijani, halafu mtoto anaambiwa saketi yake ni mbovu kumbe ni mguso tu. Betri zitolewe kila baada ya kipindi, trei ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu. Wekeni msasa laini kwenye bajeti. Ni kitu kidogo, lakini bila huo mtanunua holda upya.

KipindiChaPamoja
Ushirikiano: andikeni mzunguko wa somo la pamoja, ule mtindo wa Kijapani uitwao "lesson study". Pangeni kipindi kimoja cha dakika 40 mkiwa watatu. Mmoja afundishe, wawili watazame, mrekebishe, kisha shule ya pili, halafu ya tatu.

Hapa wengi hukosea: mtazamaji hamkagui mwalimu. Anakaa na kikundi kimoja anaandika dakika na kitendo. "Dakika ya 9: waya mmoja tu, kutoka betri hadi kitako cha balbu, wanangoja iwake." Kosa hilo ni la kawaida mno, mtoto hudhani umeme humwagika kama maji ya bomba. Marekebisho yenu yatatoka hapo: mzunguko wa pili anzeni na betri moja, balbu moja na waya mmoja bila holda, waitafute njia ya kurudi wenyewe.

Kwenye fomu wekeni tarehe tatu, jina la kipindi, na ahadi ya kuambatisha karatasi za watazamaji. Shule ya ng'ambo mwendee kipindi cha baada ya mapumziko, si cha kwanza. Asubuhi feri haina ahadi.

MwalimuMtongwe
Shukran. Seti moja nimeifuta. Msasa uwe namba ngapi?

FundiSaketi
400. Usiguse balbu nao, ni springi na ncha za nyaya tu.