Anayelipwa kumuuguza mzee nyumbani, adaiwe cheti?

Mtoa hoja (Mwanakwerekwe): Assalaam alaykum. Naileta hii tuijadili bila ya kutoana roho. Watoto wako Muscat na Dar, mkwe anatoka alfajiri kwenda kazini hotelini Nungwi, mzee kapigwa na kiharusi, yuko kitandani. Anatafutwa mtu wa kulipwa akae naye. Anapokuja, suala ni moja tu: "Mwaminifu?" Akiwa kaletwa na mtu tunayemjua, keshapata kazi.

Nasema anayelipwa kumuuguza mtu asiyejiweza apite kwanza kwenye mafunzo, apimwe kwa vitendo, na aje na barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yake, na ya polisi kwamba hana kesi. Lakini wanaotaka lazima awe kamaliza kidato cha nne nawapinga. Kidato cha nne na kumlisha mtu asiyemeza vizuri vinahusiana wapi? Anachotakiwa kujua ni kwamba mgonjwa huyo halishwi amelala. Anakalishwa wima, tonge dogo, na akishakula asilazwe hapo hapo. Ajue dawa ya presha haikatizwi eti kwa sababu leo mzee kaamka vizuri. Ajue mwenye sukari anayetumia sindano akianza kutoka jasho, kutetemeka na kupayuka, huenda sukari imeshuka, apewe kitu kitamu upesi maadamu anameza.

Marekani, mhudumu wa afya wa nyumbani anayefanya kazi chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, anatakiwa awe na mafunzo ya saa 75 kwa uchache, 16 kati ya hizo ni vitendo mbele ya msimamizi. Hizo ni kama wiki mbili. Kwetu Zanzibar Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ipo, na wazee wa kujifunzia kazi wapo kwenye nyumba za wazee za Sebleni na Welezo.

Wa Chake Chake: Wiki mbili hizo atazilipa nani, ami? Pensheni Jamii, ile ya serikali kwa wazee, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa ikawa 50,000, tena mpaka utimize miaka 70. Mama yangu anaangaliwa na binti wa jirani, nampa nilichonacho. Mkidai cheti, binti anakuwa mkosa na mama anabaki peke yake. Na akikipata hicho cheti, mwezi wa pili yuko Oman.

Muuguzi mstaafu (Mjini): Mwanangu wa Chake, sikulaumu, lakini nikwambie nilichokuwa nikikiona wodini. Kidonda cha kulalia hakianzi na shimo. Huanza na wekundu juu ya mfupa, kwenye makalio au kisigino. Kwenye ngozi zetu hizi wekundu hauonekani, utaona pamekoza tu, ukipagusa pana joto au pamekuwa pagumu. Msichana hajafundishwa, anachukua mafuta ya nazi anapasugua kwa nguvu, akidhani anasaidia. Ndiyo anazidi kuiua nyama ya chini. Akitaka kumbadilisha shuka anamburuta badala ya kumnyanyua, ngozi inachubuka. Mgonjwa analetwa hospitali mfupa unaonekana, na familia inaapa kwamba alikuwa akikoshwa kila siku. Na kweli alikuwa akikoshwa.

Wa Chake Chake: Hapo kwenye mafuta umenikamata, Bi Muuguzi, ndivyo afanyavyo. Nampigia sasa hivi. Lakini ona, umenifundisha bure kwa maneno machache. Cheti cha nini tena?

Muuguzi mstaafu (Mjini): Kukwambia ni rahisi. Kumgeuza mtu wa kilo 80 bila ya kuuvunja mgongo wako sikufundishi kwa maandishi.

Wa Wete: La stara mbona hamligusi? Baba hataki kukoshwa na mwanamke asiye mahram wake, na ana haki. Vijana wa kiume wanaona hii ni kazi ya kike. Kama ni masharti, basi wafundishwe wanaume pia, la sivyo mtatuandikia cheti na sisi hatuna wa kumwita.

Wa Bububu: Mnamdai masharti mhudumu, mwajiri je? Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mtu mmoja huyo huyo anapika, anafua, anamkosha mzee, usiku mnataka aamke mara nne. Atalala saa ngapi? Hata mwenye shahada atamwacha mzee ubavu mmoja mpaka alfajiri.

Mtoa hoja (Mwanakwerekwe): Wa Bububu, umeniongezea sharti nililolisahau: kazi ya usiku iandikwe kwenye mkataba, na iwe na mtu wake au ndugu wapeane zamu. Wa Wete, nakubali bila ya kubishana. Wa Chake, binti wa jirani simfukuzi. Apimwe hapo hapo kitandani kwa mama, na muuguzi wa kituo cha afya, bila ya ada. Akifaulu apewe karatasi yake, palipopungua afundishwe. Ndugu asiyelipwa tusimguse kabisa. Kuhusu Oman sina dawa, isipokuwa hili: binti anayekimbia kwa sababu kalipwa "nilichonacho", hakukimbizwa na cheti.

Wa Chake Chake: Hilo la mwisho limeniuma, ami. Muuguzi wa kituo atakuja kweli mpaka huku kwetu, au tutampeleka mama kwa gari la ng'ombe?