Naomba ushauri: nimepewa jukumu la kuzungumzia kujitunza, na mimi mwenyewe nimechoka

BintiMaua

Habari za wakati huu wanajamvi. Naomba mnisikilize, na mwenye la kunishauri asisite.

Mimi ndiye binti mkubwa nyumbani kwetu. Mama alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na kumgeuza, kumwogesha na kumlisha ni kazi yangu kabla sijaenda kazini na nikisharudi. Nampenda mama yangu na sioni uzito kumhudumia. Lakini usingizi umenikimbia, kifua kinabana, na siku hizi mtu akinisemesha kwa upole tu machozi yananitoka.

Sasa kikundi chetu cha akina mama na mabinti kimenipa kuongoza mikutano kadhaa kuhusu kujitunza na kupona majeraha ya moyo. Wanataka nitumie maisha ya watu weusi waliotutangulia, wale waliofungua njia, kwa sababu wamechoshwa na matangazo yanayosema kujitunza ni kununua mafuta na mishumaa ya kunukia. Wazo lenyewe nimelipenda mno. Tatizo, kila nikitafuta napata sentensi moja iliyopambwa juu ya picha, jina la shujaa chini yake, basi. Mimi nataka kujua walifanya nini hasa. Walipochoka wao, nani aliwashika mkono?

Pili, nasikia baadhi yao walifanya yoga, na kikundini kuna wenye imani tofauti watakaoniuliza kama inafaa. Tatu, hili ni langu mwenyewe: mtu anapumzikaje bila kujiona amemtelekeza anayemtegemea?

Msomaji_wa_Historia

Pole sana dada, na hongera kwa kumtunza mama.

Anza na Rosa Parks. Wengi tunamwacha pale pale kwenye kiti cha basi alichokataa kumpisha mzungu, mjini Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955. Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Mgomo wa watu weusi wa kutopanda mabasi ulidumu siku 381. Ndani ya muda huo yeye na mumewe Raymond walibaki bila kazi, simu za vitisho zikawa hazikatiki, yeye akapata vidonda vya tumbo na usingizi ukampotea. Mwaka 1957 wakahamia Detroit, na huko dhiki iliwafuata kwa miaka. Kazi ya kutulia aliipata mwaka 1965, katika ofisi ya mbunge John Conyers.

Sasa lile la yoga ni kweli. Maktaba ya Bunge la Marekani imehifadhi picha yake akifanya yoga mwaka 1973, akiwa na miaka 60, na watoto wa ndugu yake wamesimulia kwamba walikuwa wakifanya pamoja naye. Mwanamke yule yule alikuwa shemasi katika kanisa la AME, la Kimethodisti la Wamarekani weusi, tena muumini wa dhati hadi alipofariki mwaka 2005. Kwa hiyo wakikuuliza kuhusu imani, una mfano wa mtu aliyenyoosha viungo na kudhibiti pumzi na bado akabaki na ibada yake. Lakini asiyetaka asilazimishwe. Mwache anyooshe mwili kwa namna yake, au atembee.

Mimi kinachonigusa ni ule umri. Mwili uliokuwa umeteseka miaka mingi, na bado akaona unastahili kufundishwa kitu kipya.

Mwana_wa_Kalamu

Ile sentensi iliyopambwa uliyokutana nayo nina hakika ni ya Audre Lorde, mshairi na mwandishi mweusi wa Marekani, ile kwamba kujitunza si kujidekeza. Ukiitumia, tafadhali waeleze aliandika akiwa katika hali gani. Lorde alikutwa na saratani ya titi mwaka 1978, akakatwa titi. Mwaka 1984 ikaonekana imefika kwenye ini. Maneno yale yamo katika kitabu kilichotoka mwaka 1988, na aliyeyaandika alijua siku zake zinahesabika. Alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 58. Alipozungumzia kujihifadhi alimaanisha kubaki hai, mwanamke mweusi katika nchi ambayo haikujali kama atabaki hai au la. Ndiyo maana aliliita tendo la kisiasa.

Na kujitunza kwake kulikuwa na sura gani? Alisoma juu ya ugonjwa wake, aliwauliza madaktari maswali magumu, akapima mwenyewe matibabu yapi ayakubali na yapi ayakatae. Baada ya upasuaji alikataa kuvaa titi la bandia ili wengine waone mambo yako sawa. Aliandika daftari la maumivu yake bila kupaka rangi. Na katika maandishi yake anawataja mara kwa mara wanawake waliokuwa karibu naye, waliompigia simu na kukaa naye.

Zoezi zuri la mkutano wa kwanza: kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa kweli kuhusu mwili wake ulivyo leo. Asisome mbele ya watu kama hataki.

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu, mimi nitaongea na wewe kwanza, kikundi baadaye.

Usingizi kupotea, kifua kubana, machozi ya karibu. Kifua nenda kapimwe wiki hii, usiseme ni mawazo tu kabla daktari hajakusikiliza na kukupima presha. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hufurahii hata vile ulivyovipenda, mweleze mhudumu wa afya waziwazi. Ukijikuta unawaza kwamba heri usingekuwepo, hapo usisubiri hata siku moja, mwambie mtu na uende ukasaidiwe.

Halafu mgongo wako. Mgonjwa wa kitandani anageuzwa takriban kila saa mbili kuzuia vidonda, lakini usimwinue kwa mikono mitupu. Tandika shuka iliyokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, na muwe wawili, mmoja kila upande, mumvute kwa shuka. Kazi inakuwa nusu. Mtu wa pili ni lazima, na ndipo ninapojibu swali lako la tatu. Huyo mtu wa pili ni nani? Una wadogo zako. Ukiwaambia "nisaidieni" watasema sawa na hakuna atakayekuja. Ukimwambia mmoja "Jumamosi kuanzia asubuhi hadi jioni mama ni wako, dawa hizi, muda huu", atakuja. Mfundishe mbele ya mama mwenyewe ili mama amzoee.

Kumtelekeza mgonjwa ni kumwacha bila mtu. Ukimkabidhi kwa mtu anayejua kazi, hujamtelekeza.

BintiMaua

Shikamoo mama, na ahsante sana. Nimesoma nikalia, lakini kilio cha nafuu. Miadi ya daktari nimeshapanga. Kuhusu wadogo zangu, ni kweli huwa naomba kwa jumla jumla.

Msomaji na Mwana wa Kalamu, sikujua kabisa habari za vidonda vya tumbo na saratani. Endeleeni jamani.

Mzee_wa_Busati

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba niweke uzito upande wa pili. Msiwageuze hawa watu kuwa walimu wa mapumziko. Wengine hawakupumzika kabisa, na kikundi kina haki ya kulijua hilo.

Fannie Lou Hamer wa jimbo la Mississippi, Marekani, aliyepigania haki ya watu weusi kupiga kura. Mwaka 1961 aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo, wakamtoa kizazi bila ridhaa yake. Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona na kupigwa rumande hadi figo zikaharibika, jicho nalo likabaki na tatizo. Mle rumande aliimba nyimbo za dini na wenzake. Mwaka uliofuata ndipo alipotamka yale maneno yake yanayojulikana, kwamba amechoka na kuchoka kwenyewe kumemchosha. Alifariki mwaka 1977 kwa saratani ya titi, akiwa pia na shinikizo la damu. Umri wake miaka 59. Nguvu zake ni za kusifiwa, lakini gharama nayo isemwe. Wanawake wengi wanaambiwa "wewe ni jasiri" mahali walipopaswa kupewa msaada.

Ila ona alichofanya mwaka 1969. Alianzisha shamba la ushirika katika wilaya ya Sunflower, pamoja na ile iliyoitwa benki ya nguruwe: familia inapewa nguruwe wa kuzalisha, kisha wanaozaliwa wanafika kwa familia nyingine. Aliona wazi kwamba mtu mwenye njaa, anayeweza kufukuzwa shambani kwa kujiandikisha kupiga kura, huwezi kumwambia atulize moyo. Kwanza apate chakula ambacho hakuna bwana wa kumnyang'anya. Kwangu mimi hiyo ni tiba.

Kwa hiyo kwenye kikundi, kabla ya pumzi na kunyoosha viungo, ulizeni nani ana deni linalomkosesha usingizi, nani hana wa kumwachia mtoto.

Kijana_wa_Mbio

Shikamoo mzee, hoja nzito. Mimi nina dogo tu, la mwili.

Mandela gerezani alifuata ratiba yake ya zamani ya ndondi. Jumatatu hadi Alhamisi anakimbia papo hapo ndani ya seli, hadi dakika 45, na pushapu na mazoezi ya tumbo. Siku tatu zinazofuata anapumzika. Watu hukumbuka kukimbia, siku tatu za kupumzika huzisahau. Mtu aliyefungwa miaka 27, ambaye hakuwa na pa kwenda, bado alijiwekea siku za kutofanya. Baadaye kule Pollsmoor alilima bustani ya mboga kwenye mapipa ya mafuta yaliyokatwa, akawagawia wafungwa na hata askari.

Kwa kizazi chetu yupo Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, aliyejitoa kwenye fainali ya timu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021 alipoona akili na mwili wake haviendi pamoja akiwa hewani. Alisemwa sana. Paris 2024 alirudi akachukua dhahabu tatu. Lakini hata asingerudi, uamuzi wa Tokyo ungekuwa sahihi, kwa sababu mchezo ule ukikosea unavunja shingo.

Kandoni_mwa_Mto

Nafanya kazi ya ushauri nasaha, na naomba nipanue kidogo. Mmetaja watu waliojitunza. Wapo pia weusi waliojenga mifumo ya kuponya wengine, na hao ndio wenye zana ambazo BintiMaua anaweza kuzitumia moja kwa moja.

Byllye Avery, Marekani, alifiwa na mumewe aliyekuwa na miaka 33 tu, kwa mshtuko wa moyo. Mwaka 1983 aliitisha mkutano wa afya ya wanawake weusi katika chuo cha Spelman, Atlanta. Kilichobaki baada ya mkutano ule ni vikundi vidogo vya kusaidiana, ambamo wanawake waliketi na kusema ukweli wa maisha yao, mara nyingi kwa mara ya kwanza. Aliona kwamba kuwapa watu maarifa ya lishe na presha hakutoshi kama kuna jambo wamelibeba kimya.

Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alianza mpango wa Aro, Abeokuta, mwaka 1954. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, waliishi na ndugu zao katika vijiji vya jirani, wakaenda kutibiwa hospitali na kurudi, wakashiriki kazi za shamba na maisha ya kijiji. Waganga wa jadi nao aliwashirikisha. Ndugu wa mgonjwa alikuwa sehemu ya tiba.

Na Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe. Mgonjwa wake alijiua baada ya familia kukosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiwa na washiriki 573, ulionyesha waliozungumza na wahudumu wa benchi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi hawakuanza kwa kutoa ushauri. Kwanza unamfungulia mtu akili ataje matatizo yake yote. Pili unamwinua, achague moja tu la kuanza nalo, na hatua yenyewe aitamke yeye. Tatu unamtia nguvu, anarudi kueleza ilikuwaje. Nakusihi uchukue utaratibu huu. Wanawake wa kikundi chako wataufanya bila shahada yoyote.

BintiMaua

Nawashukuru wote, sikutegemea kupata hazina hii. Nimeona mpangilio wangu sasa. Mkutano wa kwanza ni Parks na Lorde, na ule ukurasa wa ukweli. Wa pili ni Hamer, na maswali ya mzee ya deni na watoto, tuone tunaweza kubebana wapi. Wa tatu tunakaa wawili wawili kwa utaratibu wa bibi wa Harare. Mdogo wangu amekubali Jumamosi, nimemwonyesha ile shuka na mama amecheka.

Swali la mwisho: mtu akifunguka jambo zito sana mbele yangu, mimi nisiye mtaalamu, nifanyeje?

Kandoni_mwa_Mto

Kabla hamjaanza, kubalianeni kwamba yanayosemwa pale hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na lisemeni hilo la mwisho kwa sauti ili asije akahisi amesalitiwa. Akifunguka, usikimbilie kumpa jibu na usimwambie wengine wamepitia zaidi. Mwulize tu, "Ungependa nikusikilize, au tutafute msaada pamoja?" Uwe tayari na namba ya kliniki au mshauri aliye karibu, na ujitolee kumsindikiza mara ya kwanza, kwa sababu wengi hukwama kwenye kwenda. Na mchague mwenzako mmoja utakayezungumza naye kila baada ya mkutano, usirudi nyumbani na mizigo ya watu wote kichwani. Mama Muuguzi hapo juu, kama ana nafasi, namuona anafaa.

Muuguzi_Mstaafu

Nafasi ipo. Nitumie ujumbe, mwanangu, tupange siku.