Mzee ana damu kichwani na anatumia wafarini, upasuaji umesogezwa hadi kesho. Ni sahihi?

Mtoto wa Mpwapwa
Wakuu, naomba wenye uelewa mnisaidie. Mzee wangu ana miaka 71, ana valvu ya chuma kwenye moyo, anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. Mwezi uliopita aliteleza akishuka kwenye bajaji pale Kibaigwa, akajigonga kichwa, akasema hajaumia. Juzi kaanza kuburuta mguu wa kushoto na kuchanganya majina ya wajukuu. Tumemleta Dodoma mjini, picha ya CT imeonyesha damu upande wa kulia. INR, kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ni 4.8. Daktari kasema anachomwa vitamini K na kuwekewa plazima (maji ya damu iliyochangwa), kesho asubuhi ndiyo upasuaji kama kipimo kitashuka. Ndugu wanahoji: damu iko kichwani, tunasubiri nini? Wengine wanasema kumkatia wafarini ni kumuua moyo.

Usingizi Dom
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni mtoa dawa za usingizi hapa Dodoma, na wazee wa namna hii tunawapokea mara kwa mara.

Asiyetumia dawa INR yake ni kama 1. Wenye valvu ya chuma wengi huwekwa kati ya 2.5 na 3.5. Kwa 4.8, daktari akitoboa fuvu na kutoa ile damu ya zamani, nyeusi kama oili chafu, kishipa chochote kitakachochuruza hakitafunga, na atatoka thieta na damu mpya mahali pale pale. Ndiyo maana wanataka ishuke hadi 1.5 au chini yake.

Vitamini K haigandishi damu yenyewe. Inaliwezesha ini kutengeneza upya vigandishi vilivyozuiwa na wafarini, na ini linataka saa kadhaa. Plazima inaleta vigandishi vilivyo tayari, lakini kwa mtu wa kilo 60 ni karibu mililita 900, na moyo wenye valvu unaweza kuelemewa, maji yakajaa mapafuni. Kwa hiyo hatuimwagi tu, tunaipitisha huku tunaangalia pumzi.

Kusubiri huko kuna mpaka. Akisinzia mkashindwa kumwamsha, akitapika mfululizo, au mboni ya jicho moja ikitanuka, mwite nesi papo hapo. Hapo hatungoji asubuhi, anaingia thieta plazima ikiwa bado inapita.

Sasa kazi yako ya usiku huu: fungua mfuko wake wa dawa. Peleka kila pakiti, na useme wafarini ya mwisho alikunywa saa ngapi. Wazee wetu hawahesabu vidonge vya maumivu vya duka la dawa muhimu kuwa ni dawa. Sisi tunavihesabu sana, maana vingine huzidisha kuvuja damu.

Bibi Zabibu
Mama yangu anatumia aspirini ndogo ya moyo. Nayo inaonekana kwenye INR?

Usingizi Dom
Hapana mama, na hapo ndipo watu hujisahau. Aspirini inaharibu chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na kila chembe iliyoguswa haiponi mpaka ife, siku 7 hadi 10. INR itasoma 1 na bado atavuja. Lazima mseme kwa mdomo.

Mtoto wa Mpwapwa
Nimekuta diklofenaki kwenye koti! Alikuwa anameza kwa ajili ya kichwa. Daktari kaandika kwenye faili. Wafarini atairudia lini? Na mama anasema mlenda ndio uliomharibu.

Usingizi Dom
Umefanya jambo kubwa. Wafarini msirudishe wenyewe, wala msiitupe. Bila dawa, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Daktari wa kichwa na wa moyo watapanga siku pamoja, baada ya picha nyingine. Akitoka thieta atakuwa na mrija kichwani wa kutolea damu iliyobaki, msiuguse. Utafiti wa Cambridge uliochapishwa 2009 ulionyesha damu ilijirudia kwa 9.3% ya waliowekewa mrija, na 24% ya wasiowekewa.

Mlenda msiusingizie. Mboga za majani zina vitamini K, zinashusha INR, hazipandishi. Mwulize mama: kichwa kilipoanza kuuma, mzee aliacha kula? Ugali na mlenda vikikatika ghafla na wafarini ikaendelea vile vile, INR hupanda. Jibu lake lipeleke kwa daktari kabla ya dozi kupangwa upya.