Hojaji inasema hivi, KenyaEMR inasema vile: nani aaminiwe?

Nyando_Data aliuliza:

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Tuna hojaji ya wagonjwa wa vituo vinne vya Nyando na Muhoroni, na sasa tunalinganisha majibu yao na rekodi za KenyaEMR, mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa, za vituo hivyo hivyo. Tunalinganisha mambo haya: kama mtu amewahi kuambiwa ana presha au sukari, alifika kliniki lini mara ya mwisho, kwa walio kwenye ARV, matokeo ya mwisho ya wingi wa virusi, na kwa walezi, kama mtoto alikuwa na homa katika wiki 2 zilizopita na kama alipimwa malaria.

Nimekwama pahali patatu. Kwanza, wengi hawaonekani kwenye mfumo ingawa wanasema wanatibiwa hapo. Pili, kwenye presha makubaliano yanapita asilimia 90 lakini kappa (kipimo cha makubaliano yaliyozidi yale ya bahati tu) iko chini kabisa, na sijui ripoti iseme lipi. Tatu, mkubwa wangu anataka tuandike kwamba rekodi ndiyo ukweli na kila tofauti ni kosa la mgonjwa. Naona si sawa, ila sina hoja ya kumpelekea.

Idhini ya kuunganisha tulichukua kando na idhini ya hojaji, kwa hivyo hapo tuko salama.

---

Karani_wa_Mafaili alijibu:

Anza na hao waliopotea. Wakibaki nje, kila hesabu itakayofuata imepinda, kwa sababu wasiopatikana si sawa na waliopatikana: wengi ni waliohamia kutoka kwingine, waliobadilisha laini ya simu, na akina mama waliojiandikisha kwa jina la baba kisha wakahojiwa kwa jina la mume.

Namba ya CCC (kliniki ya huduma za HIV) ndiyo ufunguo bora kwa walio kwenye ARV. Ina tarakimu 10: tano za kwanza ni msimbo wa kituo kwenye MFL, orodha kuu ya vituo vya afya, tano za mwisho ni za mfululizo. Wengine huiandika na kistari, wengine hudondosha sufuri za mbele kwenye zile tano za mwisho. Toa kila kisicho tarakimu, rudisha sufuri, ndipo ulinganishe. Pia angalia tano za kwanza: zisipokuwa za kituo chako, huyo ni wa kuhamia, na historia yake ya nyuma ni ile tu ambayo mtu aliketi akaiingiza.

Simu: chukua tarakimu 9 za mwisho pekee. Hapo 07, 2547 na +2547 zinakuwa kitu kimoja, na ile sufuri ambayo Excel imekula haikusumbui tena. Lakini simu moja hutumiwa na nyumba nzima, kwa hivyo simu peke yake isithibitishe mtu.

Majina ndiyo kazi. Ochieng' huandikwa na alama ya ng', bila alama, na kwa alama iliyopinda kutoka simu ya mhoji. Kwa kompyuta hayo ni majina matatu. Futa alama zote, geuza herufi zote kuwa ndogo, kisha panga majina ya mtu kwa alfabeti ili "Akinyi Mary Otieno" na "Mary Akinyi Otieno" wakutane.

Sasa usikimbilie kipimo cha kufanana bila kufikiri. Otieno (la kiume) na Atieno (la kike) kwa Jaro-Winkler, kipimo cha kufanana kwa herufi ambacho 1 ni sawa kabisa, hupata takriban 0.89. Ukiweka kizingiti cha 0.85 umeshamuoza kaka kwa dada yake. Soundex, inayogeuza jina kuwa msimbo wa sauti yake, nayo huhifadhi herufi ya kwanza, kwa hivyo O350 na A350 zinatengana vizuri, sawa na Wafula na Nafula, lakini karani akikosea hiyo herufi ya kwanza umempoteza mtu kabisa. Dawa yake: jinsia ilingane sawasawa kwanza, ndipo majina yapimwe. Na mapacha je? Apiyo na Adongo wana tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja na simu moja ya mama. Hapo jina la kuzaliwa pekee ndilo linalowatofautisha, basi lipe uzito mkubwa.

Tarehe ya kuzaliwa: KenyaEMR imejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, na humo kuna alama inayoonyesha kama tarehe ni ya kukadiriwa, `birthdate_estimated`. Ikiwa ni 1, linganisha mwaka tu, tena kwa kuruhusu tofauti ya miaka 2. Ukidai siku na mwezi vilingane utawatupa wazee wote.

Mwisho, wapange katika mafungu matatu: wa hakika, wa mashaka, na wasiopatikana. Fungu la mashaka lisomwe na watu wawili kwa macho, kila mmoja peke yake. Ukishaunganisha, ondoa majina na uweke ufunguo kwenye faili nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na idhini haikuruhusu kuzitembeza zikiwa na majina kwenye barua pepe.

---

Kappa_Kando_ya_Ziwa alijibu:

Nakujibu la pili. Hakuna kilichoharibika kwenye hesabu yako. Kappa huporomoka jambo likiwa nadra. Chukua jedwali la mfano la watu 400:

Hojaji ndiyo, rekodi ndiyo: 8
Hojaji ndiyo, rekodi hapana: 20
Hojaji hapana, rekodi ndiyo: 16
Zote hapana: 356

Makubaliano ni 364 kwa 400, yaani asilimia 91. Lakini hata watu wakijibu kwa kurusha sarafu iliyopimwa kwa viwango hivyo hivyo, wangekubaliana karibu asilimia 88, kwa kuwa wengi mno ni "hapana". Kappa hupima kile kilichozidi hapo tu: (0.91 − 0.878) ÷ (1 − 0.878), takriban 0.26.

Usitoe kappa peke yake, wala asilimia 91 peke yake. Toa jedwali lenyewe lenye visanduku vinne, kisha makubaliano ya upande wa "ndiyo" na ya upande wa "hapana" mbalimbali. Ya "ndiyo" ni mara mbili ya 8 kugawanya kwa 28 + 24, takriban asilimia 31. Ya "hapana" ni asilimia 95. Hizo nambari mbili zinasema yote: watu wanakubaliana na rekodi juu ya wasio na presha, hawakubaliani juu ya walio nayo.

Na tazama mtego huu. Hojaji ina watu 28, rekodi ina 24. Anayesoma jumla atasema vyanzo vinalingana, na hata jaribio la McNemar, linalopima kama tofauti zimeegemea upande mmoja, halitaona kitu, kwa sababu 20 na 16 zinakaribiana. Lakini ni watu 8 tu walio kwenye orodha zote mbili! Kwa kukadiria kiwango cha presha katika eneo, pengine si hasara kubwa. Kwa kuamua nani apigiwe simu arudi kliniki, ni balaa.

Kuna kappa iliyorekebishwa, PABAK, ambayo hapa inatoa 0.82. Wengine huipenda kwa kuwa inapendeza. Ni makubaliano ya asilimia yaliyovishwa nguo nyingine (mara 2 ya 0.91, toa 1), kwa hivyo haikuambii jipya.

Kwa tarehe ya mwisho ya kliniki usitumie kappa kabisa. Hesabu tofauti kwa siku, ichore dhidi ya wastani wa tarehe hizo mbili kama Bland na Altman walivyopendekeza mwaka 1986, na uangalie inaegemea wapi. Utaona majibu yamerundikana kwenye mwezi 1, miezi 3 na miezi 6. Amua dirisha la kuvumilia, tuseme siku 14, kabla hujaona data.

---

Mama_Hojaji alijibu:

Kabla ya kappa, nionyeshe swali lilivyoandikwa. Nusu ya ugomvi uko kwenye lugha.

"Una presha?" Kwa Kiswahili chetu mtu mwenye deni la karo ana presha. Swali lisipotaja mhudumu wa afya na kupimwa kwa mashine ya mkononi, utavuna wasiwasi wa watu ukauita ugonjwa. Hao ni sehemu ya "hojaji ndiyo, rekodi hapana". Sehemu nyingine ni waliopimwa kemisti au kwenye kambi ya matibabu ya kanisa, na hao wanasema kweli tupu. Kituo chako tu ndicho hakikuwepo.

"Homa" ni mbaya zaidi. Huku kwetu bara homa ni mafua: pua inatiririka, mtu anapiga chafya. Mtafsiri aliyejifunzia Pwani ataandika "homa" akimaanisha mwili kuchemka, mama wa Ahero atajibu "ndiyo" kwa ajili ya kamasi. Uliza "mwili ulikuwa na joto jingi". Vivyo hivyo usiulize "alikuwa na malaria?", maana kila joto la mtoto ukanda huu wa ziwa huitwa malaria mpaka ithibitishwe vingine. Uliza kama alitobolewa kidole au kisigino, wapi, na nani.

Hilo la "na nani" lina maana. Wahudumu wa afya ya jamii hupima malaria nyumbani kwa kipimo cha haraka, na taarifa zao haziingii KenyaEMR ya kituo. Mama atasema mtoto alipimwa, rekodi itanyamaza, na mama ndiye mkweli. Wachanganue kando walezi waliosema "nyumbani", usiwachanganye na wa kituoni.

Kuhusu tarehe, watu huvuta tukio karibu na leo. Mtu aliyefika miezi 13 iliyopita atakuambia ni "ndani ya mwaka huu". Mpe kigingi: kabla au baada ya Krismasi, kabla au baada ya Pasaka, shule zilikuwa zimefunga? Na mwombe kadi au kijitabu cha mama na mtoto, kisha uandike kama jibu limetoka kwenye kadi au kichwani. Hicho kisanduku kidogo cha chanzo kikikosekana kwenye hojaji, huwezi kukirudisha baadaye.

---

Seva_Iko_Kisumu alijibu:

Mimi niguse dondoo yenyewe, yaani data mliyovuta kutoka mfumoni, maana mara nyingi mgonjwa anasingiziwa kosa la aliyeandika amri ya SQL ya kuivuta.

Hakikisha umechuja `voided = 0` (rekodi ambazo hazijafutwa) kwenye kila jedwali, si kwenye la wagonjwa pekee. Kipimo kilichofutwa kwa kuwa kiliingizwa kwa mtu mwingine bado kipo kwenye hifadhidata.

Tarehe ya ziara ni `encounter_datetime`. Ukichukua `date_created` umechukua siku ambayo karani aliingiza karatasi, na kwenye vituo vinavyoandika kwanza kisha kuingiza, hizo mbili huachana kwa wiki. Utamlaumu mgonjwa kwa kusahau wakati ndiye pekee aliyekumbuka.

Matokeo ya virusi: LDL (virusi vichache mno kuonekana kwa kipimo) huhifadhiwa pahali tofauti na pale pa idadi ya nakala. Ukivuta nambari pekee, wale ambao virusi havionekani ndio wanaoonekana hawana matokeo, yaani waliofaulu zaidi wanageuka kuwa pengo. Nao wagonjwa wanalijua hilo neno vizuri, watakujibu "niko LDL" bila kusita.

Nafasi tupu si "hapana". Mfumo huu ulianzia kliniki za CCC, idara nyingine zikafuata kwa mwendo wake, kwa hivyo uliza kila kituo: idara gani iliingia mfumoni mwezi gani? Mgonjwa wa presha aliyeonwa idara ya nje kabla ya tarehe hiyo yuko kwenye rejista ya karatasi. Mtoe kwenye ulinganisho au umfuate huko, lakini usimhesabu kuwa "hana".

Na presha kwenye mfumo ina nyuso tatu: utambuzi ulioandikwa, dawa kama amlodipine, au vipimo viwili vya 140/90 na zaidi kwa siku tofauti. Chagua tafsiri kabla. Aliyepimwa 150/95 mara mbili bila mtu kumwambia kitu atajibu "sijawahi kuambiwa", na amejibu sawa.

---

Nyando_Data aliandika:

Asanteni sana. Dondoo yetu ilitumia `date_created`, nimeona sasa hivi. Limebaki la mkubwa. Pia kuna jambo la ajabu: baadhi ya walio kwenye ARV wanasema walifika kliniki miezi 6 iliyopita, mfumo unasema miezi 3, na karatasi inakubaliana na mfumo.

---

Karani_wa_Mafaili alijibu:

Uliza kama wako kwenye vikundi vya kuchukuliana dawa. Mwenzake akimchukulia, ziara huandikwa kwa jina lake, ila miguu yake haikufika. Wote wawili wako sahihi. Swali ndilo lililochanganya kufika na kupata dawa.

Kwa mkubwa, mpelekee mfano wa KENPHIA ya 2018, utafiti wa kitaifa wa HIV. Mtu aliyesema hajui hali yake ya HIV, lakini damu yake ikaonyesha ARV, alihesabiwa miongoni mwa wanaojua. Hapo jibu la mdomo lilisahihishwa, lakini kwa kipimo cha maabara, chanzo cha tatu kisichotegemea mdomo wala kalamu ya karani. Ninyi hamna chanzo hicho, kwa hivyo msiandike "usahihi wa majibu ya wagonjwa". Andikeni "makubaliano kati ya vyanzo viwili".

Kisha fanyeni hivi. Chagueni kwa bahati nasibu tofauti 30 za kila kisanduku, yaani 30 za "hojaji ndiyo, rekodi hapana" na 30 za kinyume chake. Zisipofika 30, chukueni zote. Toeni faili la karatasi na rejista za wakati huo (MOH 204A kwa walio chini ya miaka 5, 204B kwa wengine), na kila tofauti ipewe sababu moja: mtu si yule, haikuingizwa, iliingizwa vibaya, alitibiwa kwingine, swali halikueleweka, au hakukumbuka. Watu wawili waainishe, wa tatu aamue wakitofautiana. Anayeainisha asijue kituo kinachohusika ikiwezekana, ingawa mwandiko wa makarani wetu kila mtu anaujua.

Akiuona mkubwa mgawanyo huo, yeye mwenyewe ataamua ni tofauti ngapi za kumtwika mgonjwa. Ya "hakukumbuka" iandikwe mwisho, baada ya zile tano kukataliwa.