Uwanja wa ndege unataka kutanua anga yake hadi juu ya kilima chetu, naombeni ushauri

Mpaakimya: Heshima kwenu wakuu. Klabu yetu inarusha glaida, zile ndege zisizo na injini. Uwanja mdogo wa jirani umependekeza anga yake ya Daraja D itanuliwe ifike juu ya kilima tunachokitegemea kwa upepo wa kupandia. Muda wa kutoa maoni unayoyoma, usingizi sipati. Tuwazuieje?

Rubani Mstaafu: Daraja D si marufuku, mkuu. Unaita mnarani kwa redio, ukipewa idhini unaingia. Enzi zangu za kurusha ndege za abiria, hofu yangu wakati wa kushuka ilikuwa glaida. Nyeupe, nyembamba, ikikujia uso kwa uso huioni mpaka iinamishe bawa kugeuka.

Dada Mkubwa: Roho za abiria kwanza, michezo baadaye.

Msomaramani: Mleta uzi, glaida zenu zina redio?

Mpaakimya: Baadhi.

Msomaramani: Ngapi?

Mpaakimya: Kwa sasa hakuna, wala transponda, kile kifaa kinachoionyesha ndege kwenye rada. Lakini betri zetu ni ndogo, na tulikuwepo kabla ya hizo ndege za abiria. Barua ya kupinga kila kitu tumeshaisaini, natafuta hoja za kuitia nguvu tu. Halafu eneo lenyewe linaanzia futi 2,000, maili 12 kutoka uwanjani!

Mnusachai: Hii chai. Anga ya uwanja huanzia ardhini, hizo futi 2,000 kazitoa wapi?

Msomaramani: Si chai. Linaloanzia ardhini ni eneo la karibu. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka lifike angalau maili 5 za baharini upande ndege zinakoingilia. Kupita hapo huwekwa eneo la juu, na chini yake mtu anaruka bila idhini. Mleta uzi, hoja yako ni hiyo maili 12. Ndege ikishuka kwa nyuzi 3 hupoteza kama futi 300 kila maili, kwa hiyo hapo kwenu ingekuwa juu ya futi 3,500. Kwa nini waanzie 2,000? Huenda huruka usawa mmoja kabla ya kuanza kushuka. Wawaonyeshe njia zenyewe. Ombeni mpaka wa chini upandishwe, au mwachiwe kilima saa ambazo hakuna ndege inayokuja. Ila bila redio hata moja, mtawaitaje?

Mpaakimya: Wenzangu wataniona nimewauza.

Rubani Mstaafu: Kuna redio za mkononi, kijana. Barua mmeshaituma?

Mpaakimya: Bado. Ila nimewaahidi inaondoka kesho.